Vyumba Viwili vya Uani Ambavyo Sikuvijenga

Magoti ya mama ndiyo yaliyoleta maneno ya ujenzi nyumbani kwetu. Tunaishi Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ukimaliza ukumbi unatokea uani penye jiko, bafu na choo. Kwa mtu mwenye miguu yake, kutoka chumbani hadi choo cha uani ni hatua chache. Kwa mama wa miaka sabini na kitu, usiku wa masika, uani umelowa na umeme umekatika, hiyo ni safari. Akawa hagusi tena maji ya kunywa kuanzia magharibi, ili asiamke usiku. Nilipolijua hilo nikasema basi, choo cha ndani lazima kipatikane.

Ujenzi una tabia ya kuvimba kabla hata jiwe halijawekwa. Mimi nilitaka choo. Kaka yangu aliyeko Dar akauliza kwa nini choo peke yake, na uani kule nyuma pana nafasi ya vyumba viwili na choo chake? Mama atahamia kimoja, kingine kipangishwe, au vyote vipangishwe na mama apewe kodi. Mji unapata wageni, akasema, bandari imepanuliwa, bomba la mafuta kutoka Uganda linaishia Chongoleani, hao watu watalala wapi? Mdogo wangu aliyeolewa Muheza akaunga mkono. Kaka wa pili, yuko Mombasa, akatuma ujumbe wa sauti mrefu wenye dua nyingi na bila shilingi hata moja. Mwenye mshahara unaokopesheka ni mimi, na ninayeishi na mama ni mimi, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kusema nani angejenga.

Mimi ni mwalimu. SACCOS yetu hukopesha hadi mara tatu ya akiba zako, riba asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio lililobaki, na makato yote lazima yaache theluthi ya mshahara. Nilikuwa na nafasi. Nafasi ya mkopo ni kitu kibaya sana kuwa nacho wakati watu wanakushauri.

Fundi wa kwanza alikuja na futi yake, akapima uani mara moja tu, akaandika kwenye karatasi ya daftari: vyumba viwili, choo na bafu vya pamoja, kila kitu hadi rangi, shilingi 13,000,000. Nilimwomba anichambulie. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wengi wetu hatuliangalii, kwa sababu tukipita barabarani tunachoona ni tofali zimepangwa na tunadhani hiyo ndiyo nyumba. Tofali la inchi 6 hukaa kama tisa hadi kumi kwenye mita moja ya mraba, ukihesabu na zinazovunjika. Vyumba viwili vinavyochangia ukuta wa katikati, na msingi wake, vilitaka tofali 900 hivi. Kwa bei ya shilingi 1,400 niliyopewa, hiyo ni 1,260,000. Haijafika hata sehemu ya kumi ya makisio! Watu wa Tanga tunapenda kusema kujenga kwetu ni nafuu kwa kuwa saruji inatengenezwa hapa hapa, Pongwe na Maweni, na ni kweli mfuko haujasafiri mbali. Lakini saruji haiezeki nyumba. Pesa ilikuwa kwenye nondo na lenta (ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha), kenchi na papi za paa, bati, milango, grili, madirisha ya aluminiamu, nyaya, mabomba, lipu, marumaru, shimo jipya na ufundi. Ukuta ndio wa bei rahisi, na ndio unaokutia moyo uanze.

Jioni ile nilikaa na kikokotoo. Nilikuwa nimeuliza majirani wanaopangisha, nikapata kuwa chumba cha uani cha aina ile kingeingiza kama shilingi 50,000 kwa mwezi. Viwili, laki moja. Riba ya mwezi wa kwanza kwenye mkopo wa milioni 13 ni 130,000. Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea sifuri. Sikukosea. Kodi yote ya wapangaji wawili isingetosha kulipa riba ya mwezi wa kwanza, achilia mbali deni lenyewe, ambalo kwa miaka mitatu ni kama 361,000 kila mwezi kutoka kwenye mshahara wangu. Ukijumlisha deni na riba yote ya miaka hiyo mitatu, unapata milioni 15 na laki nne. Igawe kwa milioni moja na laki mbili ya kodi kwa mwaka. Karibu miaka 13, na hiyo ni kama hakuna chumba kitakachokaa kitupu, hakuna mpangaji atakayeondoka usiku na deni la umeme, na hakuna koki itakayovunjika.

Nilimtumia kaka hesabu hiyo. Akajibu kwamba nyumba haihesabiwi hivyo, nyumba ni mali, inapanda thamani. Ni hoja ambayo utaisikia kila mahali na ina ukweli wake, ila thamani inayopanda humfaa anayeweza kuuza. Nyumba ya baba hatutaiuza, na hata tukitaka, mnunuzi wa Ngamiani anaangalia kiwanja na barabara kwanza. Vyumba vya uani atavibomoa ajenge ghorofa. Nikamuuliza pia swali jingine, lakini hilo nitalifikia.

Fundi wa pili alikuwa kijana mchangamfu na wazo tofauti kabisa. Alisimama barazani, akatazama watu wanaopita, akasema, "Mwalimu, pesa yako iko hapa mbele, wewe unaitafuta uani." Alitaka tuzibe nusu ya baraza, tuvunje ukuta wa chumba cha mbele, tupate fremu ya duka. Sakafu ipo, paa lipo, ukuta wa nyuma upo. Lenta moja nzuri, mlango wa chuma, umeme, basi. Milioni tatu na nusu. Na fremu sehemu yetu, penye wapita njia, angeweza kuipata mtu wa duka la simu au wakala wa fedha kwa laki na ishirini kwa mwezi. Hiyo inarudi ndani ya miaka miwili na nusu. Sitajifanya sikushawishika. Kwa hesabu tupu, fremu iliishinda mipango yote mingine, na mtu yeyote anayefikiria kuongeza nyumba mjini ili apate kipato ningemwambia aanze kuangalia upande wa barabara, na sehemu ambayo tayari ina paa.

Mama alikuwa amekaa pale pale barazani akichambua mchicha, akisikiliza. Akasema bila kuinua macho, "Na mkishaifunga baraza, mie nikiamkiwa nitaamkiwa wapi?" Fundi akacheka. Mimi sikucheka, maana nilimwelewa. Tangu magoti yaanze kumsumbua hatembelei mtu. Watu ndio humtembelea yeye, na hawaingii ndani: wanapita, shikamoo bibi, wanakaa kidogo, wanaacha habari, wanaondoka. Nusu ya baraza isingekuwa nusu ya mazungumzo, ingekuwa mlango wa duka na bodaboda zinazosubiri wateja. Kulikuwa na jambo la kuamua hapo ambalo halikuwa na safu yake kwenye daftari langu.

Fundi wa tatu ndiye aliyenifundisha zaidi. Ni mzee, amewahi kurekebisha nyumba nyingi za mtaani kwetu, na hakutoa futi kwanza. Alianza kugonga ukuta wa nyuma kwa vifundo vya vidole, kutoka chini kwenda juu. Sehemu nyingine ulilia kama debe. Nyumba yetu ilijengwa kwa mawe na udongo juu ya boriti za mikoko, kisha miaka ya baadaye baba akapiga lipu ya saruji juu yake. Kwa nje inaonekana nyumba ya saruji. Mzee akanionyesha palipoachana: lipu ya saruji ni ngumu na haipumui, udongo ndani hunywa unyevu na kutanuka, mwishowe vinatengana. "Ukishikiza tofali mpya hapa," akasema, "msingi mpya utakaa kivyake na wa zamani kivyake. Mwaka wa pili utaona ufa kutoka chini mpaka juu, unapitisha kidole." Suluhisho lipo, kujenga ukuta wenye nguzo zake, usimame peke yake na kuacha nafasi ndogo kati yake na ukuta wa zamani. Lakini yule fundi wa kwanza alikuwa ameuhesabu ukuta wa nyuma kama ukuta wa bure. Haukuwa wa bure.

Kisha akatazama juu. Upande wa nyuma wa paa letu ni kama mita 10 kwa 5, na maji yake yote humwagikia uani. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hilo ninalifundisha darasani, lakini sikuwahi kulipeleka nyumbani. Masika ya Tanga siku ya milimita 50 si ajabu. Mita 50 za mraba mara 50: lita 2,500, zaidi ya mapipa 12 makubwa, kutoka upande mmoja wa paa kwa siku moja. Leo maji hayo yanapata uani ulio wazi, mengine yanazama, mengine yanafuata mfereji. Tukijaza uani vyumba, na paa jipya nalo linaleta yake, yanakwenda wapi? Yanakwenda kwa jirani. Na pale bati jipya linapoingia chini ya bati la zamani, mahali pa kukutana pakiwa na mteremko mdogo, maji yanarudi ndani. Mzee alisema asilimia kubwa ya wanaomwita baada ya kuongeza nyumba humwita kwa sababu ya hapo tu. Mimi ni mwalimu na nilitaka kumuuliza asilimia ngapi, nikajizuia.

La upepo nililiona mwenyewe, baada ya yeye kuondoka. Vyumba vya nyuma, cha mama na cha watoto, vinapumulia uani. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, madirisha yale ndiyo yanayofanya tulale. Vyumba viwili vipya vingesimama mbele ya madirisha hayo, mbali kama urefu wa mkono. Kwa hiyo tusingekuwa tumeongeza viwili. Tungekuwa tumepata viwili vya kupangisha na kuvigeuza viwili vyetu kuwa tanuri, kisha tununue feni na LUKU ya kuziendesha.

Sasa lile swali. Baba alifariki miaka kadhaa iliyopita na mirathi haikufunguliwa. Si kwa ugomvi. Ni ile hali ya kawaida: mama yupo, nyumba ipo, kuna haraka gani? Kiwanja bado kina jina la marehemu. Hilo lilijitokeza kwanza kwenye kibali cha ujenzi, maana halmashauri ya jiji inataka kuona hati ya anayemiliki, na anayemiliki yuko kaburini. Nilipomuuliza sheikh wa msikiti wetu mgawo ungekuwaje, alitumia kipande cha chaki ukutani. Mama ana thumuni yake, moja ya nane. Kinachobaki, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Sisi ni wanaume wawili na wanawake wawili. Ukiigawa nyumba mafungu 48, mama ana 6, kila kaka ana 14, mimi nina 7 na mdogo wangu ana 7.

Saba kati ya arobaini na nane. Nilikuwa naelekea kuchukua mkopo wa miaka mitatu, kwa mshahara wangu, kujenga kwenye nyumba ambayo fungu langu halifiki hata moja ya sita. Ndipo nikamuuliza kaka kwa simu: nikijenga, vyumba vitakuwa vya nani, na kodi ya nani? Akasema, "Jenga tu, dada, nyumba ni yetu sote, tutaelewana." Alisema kwa upendo na ninamwamini. Ila neno "yetu sote" ndilo lililokuwa jibu. Sina shaka na kaka zangu. Ninaowafikiria ni watoto wetu, ambao watakuja kukaa kikao siku moja bila sisi, kila mmoja na kile alichosikia, na hakuna karatasi. Mtu anaweza kujenga kwenye mali ya urithi isiyogawanywa na bado akatendewa haki, lakini apatane kwanza, aandike nani ametoa nini na atarudishiwa vipi, warithi wote wasaini mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa. Kwa sisi, hata hilo lingehitaji kwanza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo, na kwa hilo kunahitajika cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia. Hizo karatasi zote gharama yake ni ndogo kuliko mlango mmoja wa mninga. Hakuna fundi aliyeziweka kwenye makisio, na kwa haki, si kazi yao.

Kilichobaki kilikuwa magoti ya mama, ambayo katikati ya mapipa na mafungu tulikuwa karibu kuyasahau. Nikafanya kitu cha kitoto, nikapita ukumbini nikihesabu vyumba na anayelala humo. Sebule. Cha mama. Changu. Cha watoto. Hivyo vinne. Cha tano kimefungwa kwa kufuli tangu kaka alipohamia Dar. Ndani kuna godoro, redio mbovu na vyeti vyake vya shule. Cha sita, kilichoshikana na cha mama, kilikuwa stoo: magunia, kitanda kisicho na chaga, baiskeli ya baba. Tulikuwa tunajadili kuongeza vyumba kwenye nyumba ambayo viwili havina mtu.

Mzee alirudi, na tukakigawa chumba cha sita. Nusu ikabaki stoo, nusu ikawa choo na bafu, na ukuta kati yake na chumba cha mama ukatobolewa mlango. Kutoboa mlango kwenye ukuta wa mawe na udongo si kazi ya siku moja: aliupandishia nguzo za miti pande zote, akaingiza lenta kwanza, ndipo akabomoa chini yake. Mlango mpana, bila kizingiti, kwa sababu siku moja huenda ikahitajika fimbo au kiti cha magurudumu. Bomba la inchi 4 linataka kushuka kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita, na shimo letu liko mita 8 kutoka pale, yaani sentimita 20. Mafundi wengi hupata mteremko huo kwa kuinua sakafu ya choo, na wewe unabaki na ngazi, kitu kile kile ambacho magoti yanakikimbia. Sisi ilitusaidia kwamba nyumba za Kiswahili huinuliwa. Sakafu yetu ilikuwa tayari juu ya uani kwa zaidi ya hapo. Marumaru zikawa za kukwaruza, si zile zinazong'aa ambazo mdogo wangu alizipenda. Mchomeleaji wa mtaa wa pili akatengeneza vishikio viwili kwa bomba la chuma, kimoja kando ya choo, kingine kwenye bafu. Dirisha la juu likaachwa upande wa nje, hewa itoke.

Jumla ilikuwa chini ya milioni mbili na nusu, kutoka kwenye akiba, bila mkopo. Sikuandikishana na mtu kuhusu hiyo. Ile ni ya mama, nimempa, na wakigawana baadaye na wagawane. Ila nilitofautisha hilo kichwani mwangu kabla sijatoa hata senti: hii ni zawadi, ile ingekuwa biashara, na sikutaka moja ijivike nguo za nyingine.

Kuna wanaoniambia nimepoteza nafasi, wageni wakijaa mjini nitajuta. Huenda kodi zikapanda. Zikifika mara mbili ya zilivyo, nitakaa na kikokotoo tena, na uani utakuwa bado pale. Mama sasa anakunywa maji usiku, na analalamika kwamba choo kiko karibu mno na kitanda, si heshima.

Kaka ameanza tena kunipigia kuhusu fremu. Nimemwambia hesabu yake ninayo na ni nzuri, lakini aje Tanga, kwanza tufungue mirathi, halafu amwambie mama kwa mdomo wake kwamba baraza inafungwa, na akiwa hapa afungue na lile kufuli lake. Amesema atakuja baada ya Idi. Hakusema Idi ipi.